Jirani anauza Noah ya dizeli yenye kilomita 312,000, tuinunue?

Habari za kazi, kaka fundi, na pole na majukumu.

Mimi ni nesi. Naishi Kibaha, jirani na Maili Moja, na kazi yangu iko Upanga, Dar es Salaam. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 80, siku ishirini na ushee kwa mwezi. Miaka yote nimekuwa mtu wa daladala na mwendokasi, lakini sasa nimechoka, hasa na zamu za jioni. Ukitoka kazini saa 2 usiku, hadi ufike Mbezi upate gari la Kibaha, ushuke Maili Moja utafute bodaboda ya kuingia ndani, unafika watoto wamelala na alfajiri unatakiwa uwe barabarani tena. Nimejibana kwenye SACCOS ya kazini nikapata milioni 12, nikaamua kununua gari.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Jirani yetu anauza Noah, zile za zamani, ya dizeli. Ni namba B, yaani herufi za usajili zinaanza na B, kadi inaonyesha ilisajiliwa 2010, na yeye aliinunua mkononi kwa mtu. Anataka milioni tisa na nusu. Mume wangu ameipenda kupita kiasi. Anasema dizeli hainywi mafuta, injini zake hazifi, na kwa kuwa tuna watoto wanne, Desemba tutakwenda kwao Lushoto familia nzima bila kugombania tiketi. Bila kuniambia, ameshampa jirani laki tano ya kishika uchumba.

Mdogo wangu anayeshinda gereji aliposikia alishika kichwa. Akasema dizeli ya zamani itanimaliza, nitafute Toyota IST, ile ndogo ya petroli. Mume wangu akamjibu kwamba petroli ndiyo itakayotumaliza.

Gari lenyewe nalifahamu maana linalala upande wa pili wa ukuta wetu. Jirani anafuga kuku, analitumia kubebea chakula cha kuku na kupeleka trei za mayai mjini. Kila asubuhi kabla ya saa 12 namsikia akiliwasha, linazunguka weee ndipo linashika, moshi mweupe unaingia hadi jikoni kwangu, baada ya muda unakata. Nyuma ya siti ya dereva ana dumu la maji. Nilipomuuliza akasema ni la kunawa mikono akishashusha mizigo. Zaidi ya hapo limesimama vizuri, rangi inang'aa, siti zimevishwa vitambaa vipya, na halijawahi kumlaza njiani, labda siku moja tu lilivutwa kutoka Chalinze, akasema ni mkanda.

Mita inasoma kilomita 312,000. Je, halijachoka? Ni kweli dizeli ni nafuu kwa mtu wa safari kama zangu? Na tukilinunua, tuangalie nini? Wenzangu watatu wa kazini wanaokaa njia hii wako tayari kunichangia mafuta.

Nesi wa Kibaha

* * *

Dada yangu, kabla ya kilomita tuanze na lile dumu la maji.

Mtu anayelaza gari nyumbani na kushusha mayai madukani hahitaji kutembea na maji nyuma ya siti ili anawe mikono. Huenda jirani yako ni msafi kutuzidi sisi wengine, sitaki kumhukumu bila kumsikiliza. Lakini dumu likionekana ndani ya Noah ya dizeli, fundi yeyote aliyezifungua hizo gari atauliza swali moja: inapunguza maji?

Noah za kizazi hicho, zilizotengenezwa 1996 hadi 2001, zikiwa za dizeli huwa na injini ya 3C-T au ndugu yake 3C-TE. Cc 2,184, silinda nne, tabo ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini. Nguvu inatosha, vipuri vipo, mafundi wanaijua. Ugonjwa wake ni joto. Injini imekaa chini ya siti za mbele, mahali hewa haipiti vizuri, rejeta iko mbele peke yake, na mipira ya maji inayoziunganisha ni mirefu. Hewa ikishaingia kwenye mfumo wa maji haitoki kirahisi. Fundi asiyejua kuitoa anaijaza rejeta, anafunga, anakuambia tayari, kumbe kule nyuma kuna sehemu ya injini haina maji. Ikichemsha hivyo mara kadhaa, silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, inapinda au inapasuka. Ufa unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba gari linaendelea kutembea miezi na miezi, ila moto wa silinda unapenya kwenye maji, maji yanasukumwa nje au yanaingia kwenye silinda yanachomwa, na mwenye gari anazoea kuongeza kila asubuhi. Akisafiri anabeba dumu.

Unganisha hapo ule moshi unaoingia jikoni kwako. Moshi mweupe asubuhi kwenye dizeli ya zamani una maelezo zaidi ya moja, kwa hiyo tusikimbilie hukumu. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha. Inaibana hewa hadi ibaki chini ya sehemu moja ya 20 ya ujazo wake, hewa inapata moto mkali, dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Hita plagi zinazopasha silinda moto zikifa, nozeli zinazopuliza mafuta zikivuja, au ringi za pistoni zikichoka hata hewa isibanike sawasawa, dizeli haiwaki vizuri wakati injini ni baridi na inatoka nje ikiwa moshi mweupe wenye harufu ya mafuta, unaokera macho. Moshi wa maji hauna ukali ule, na bomba la ekzosi linaacha matone. Wewe uko hapo jikoni kila siku, utautofautisha kuliko mnunuzi anayekuja Jumamosi saa 5 gari likiwa limeshapashwa moto. Vyovyote vile, injini inayozunguka muda mrefu ndipo ishike katika joto la Pwani inasema kitu. Makambako au Njombe ningeisamehe, kuna baridi ya kweli. Kibaha hapana.

Na hiyo safari ya Chalinze, uliyoiandika kwa mstari mmoja kana kwamba haikuhusu! Mkanda upi? Ule wa nje wa alteneta ukikatika, unabadilishwa kando ya barabara unaendelea na safari. Mkanda wa taiming ukikatika kwenye injini hii, valvu zinagonga pistoni, na hapo hedi imefunguliwa. Muulize jirani ilifunguliwa wapi na nani aliifunga. Toyota walitaka mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi waliweka taa iliyoandikwa T-BELT ili ikukumbushe. Gari la kilomita 312,000 lilipaswa kuwa limeshavaa mikanda mitatu mipya. Ukiona taa hiyo haiwaki hata unapowasha swichi kabla ya kupiga starti, wakati taa nyingine zote zinawaka, kuna mtu ameichomoa balbu.

Sasa hizo kilomita ulizoanza nazo wewe. Namba 312,000 peke yake hainitishi. Dizeli iliyobadilishiwa oili kila kilomita 5,000 inafika hapo na kupita. Gari lina miaka isiyopungua 24 tangu litoke kiwandani, kwa hiyo ukigawanya unapata kama kilomita 13,000 kwa mwaka, mwendo wa kawaida kabisa kwa gari la familia au la biashara ndogo. Ningeogopa zaidi kama mita ingesoma 98,000, maana kurudisha mita nyuma ni kazi ndogo kwa wanaoijua. Ukitaka kujua umri halisi wa gari usiishie kwenye dashibodi. Tazama raba ya pedali ya breki, tazama usukani pale mikono inaposhika, inua kile kitambaa kipya cha siti uone sponji chini yake imelala kiasi gani. Vitambaa vipya kwenye gari linalouzwa mimi huvifunua kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachonitia wasiwasi kuliko idadi ya kilomita ni mafuta yaliyopita humo. Gari lililosajiliwa 2010 lilikuwa barabarani enzi za uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo. Serikali ilikuja kuipandisha 2011 ili kuua biashara ile. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, yanaila pampu na nozeli polepole bila kelele. Matengenezo ya pampu hayafanywi na kila fundi, unapelekwa kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na bei yake si ya kulipia kwa chenji ya mboga.

Tuje kwenye pesa, ambako ndiko mnakogombania. Shemeji hajakosea kuhusu dizeli. Amekosea gari la kuilinganisha nayo.

EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa Dar es Salaam bei za petroli na dizeli mara nyingi zinakaribiana. Tuweke shilingi 3,000 kwa lita kwa zote mbili ili tupate pa kuanzia. Ukiwa na bei ya mwezi huu, badilisha mwenyewe. Safari zako ni kama kilomita 1,700 kwa mwezi. Noah ya petroli ya cc 2,000, ikiwa kwenye foleni zetu, tuipe kilomita 8 kwa lita: lita 212, karibu shilingi 637,000. Noah ya dizeli yenye afya tuipe 10: lita 170, shilingi 510,000. Tofauti ni zaidi ya laki moja na ishirini kila mwezi, na hapo ndipo sifa ya dizeli ilipozaliwa. Ni sifa ya haki. Dizeli ina nishati zaidi kwa kila lita, na gari likisimama kwenye foleni injini inaunguruma kwa tone dogo sana. Kwa mtu anayetambaa kutoka Mbezi hadi Ubungo hilo si jambo dogo.

Lakini mdogo wako hakukwambia ununue Noah ya petroli. Alikwambia IST. IST ya cc 1,300 ikiwa nzima tuipe kilomita 14 kwa lita kwa njia yako: lita 121, shilingi 364,000 hivi. Kwa hiyo, petroli inayotajwa kuwa itawamaliza inawabakizia karibu 146,000 kila mwezi juu ya dizeli ya jirani. Sababu ni uzito. Noah ni gari la tani moja na nusu hivi, IST ni kama tani moja, na wewe unayesukumwa humo ni mtu mmoja mwenye mkoba. Tena hizi dizeli za zamani zina chumba kidogo cha kuwashia mafuta ndani ya hedi, ambamo joto jingi linapotea. Ndiyo maana hazina ulaji mdogo kama dizeli mpya zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Watu wanasikia ndugu wa Ulaya anakwenda kilomita 20 kwa lita na Golf yake ya TDI wanadhani kila kinachotumia dizeli kinafanya hivyo.

Na tangu ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, anayechoma lita nyingi ndiye anayelipa zaidi. Hilo nalo weka kwenye daftari.

Hiyo ni hesabu ya Noah yenye afya. Ya jirani yako sina hakika nayo. Kabla hamjalipa shilingi nyingine, wewe au mdogo wako pita Gerezani, Kariakoo, ulizia bei ya silinda hedi ya 3C-T, gasketi yake, tabo, nozeli nne, na ulizia fundi anatoza kiasi gani kufungua na kufunga. Andika jumla. Kisha igawe kwa hiyo laki na ushee shemeji anayodhani ataiokoa kila mwezi, umwonyeshe jibu mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala. Usimwonyeshe mbele ya mdogo wako.

Najua pamoja na yote haya shemeji anaweza kusema tulikague kwanza. Ni haki yake, na pengine gari likatuaibisha wote kwa uzima wake. Basi likaguliwe kwa mpango. Fundi awe wenu, si wa jirani, na afike alfajiri kabla gari halijawashwa. Inueni siti ya mbele, mfungue mfuniko wa injini uliopo chini yake, aweke mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, mwenye gari ameshaipasha, rudini siku nyingine. Ikiwa baridi, fungueni rejeta. Maji yawe yamejaa hadi juu, tena yawe kulanti, maji maalumu ya rejeta, yenye rangi yake. Mkikuta maji ya bomba yenye kutu mjue halijatunzwa, na mkikuta utando wa mafuta juu yake fungeni mfuniko muage. Minyeni mipira ya maji. Gari lililolala usiku kucha mipira yake inatakiwa kuwa laini. Mkikuta migumu, imejaa presha, moto wa silinda unaingia kwenye maji na hakuna haja ya kipimo kingine.

Wakati mko hapo, fundi aulize au afungue aone kama themostati, kile kivalvu kinachoongoza joto la maji ya injini, ipo. Gereji nyingi za mtaani gari likichemsha dawa ya kwanza ni kuing'oa. Mshale wa joto unashuka, mteja anafurahi, analipa, anaondoka, na kilicholeta joto hakijaguswa. Dizeli bila themostati inachelewa kupata moto wake, inakula zaidi na kuchakaa haraka. Halafu ikafika Desemba, mko sita na mabegi, mmetoka Mombo mnapanda Lushoto, kilomita kama 33 za mlima na kona, hapo ndipo kasoro yote iliyofichwa Kibaha itakapojitokeza, tena pasipo na gereji.

Likishawaka, fundi afungue kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni kawaida ya umri. Moshi unaosukumwa kwa mapigo maana yake ringi zimechoka, injini inapumua. Oili nyeusi isiwatishe, oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa. Kisha apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, kupitia matundu ya hita plagi, silinda zote nne. Namba zikaribiane, moja ikiwa chini mbali na wenzake, ugonjwa uko humo. Mwisho liendesheni saa nzima likiwa limejaza watu, lilale, na kesho yake asubuhi pimeni maji tena. Yakiwa yamepungua, mazungumzo yameisha.

Karatasi nazipita haraka kwa kuwa mnajuana: namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi, deni la faini za barabarani likaguliwe kwa namba ya gari, na umiliki uhamishwe TRA kwa jina lako wewe mwenye pesa. Jirani alinunua mkononi, hakikisheni kadi iko kwa jina lake kweli na si la yule wa kwanza.

Kuhusu wenzako watatu, kuchangiana mafuta kwa watu wanaofahamiana ni jambo jema na litakupunguzia nusu ya mzigo. Ila lisigeuke nauli. Ukianza kuokota abiria wa Mbezi kwa pesa, hiyo ni biashara inayohitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya gari binafsi haitakulipa ajali ikitokea. Nawe ukae mbele na watatu nyuma, IST imetosha. Siti nane huzihitaji ila mara mbili kwa mwaka, na kwa mara mbili kwa mwaka tiketi za basi au gari la kukodi ni nafuu kuliko kulisukuma gari la tani moja na nusu siku zote zilizobaki.

Kwa milioni 12 tafuta IST ya namba D iliyonyooka, ya cc 1,300. Injini yake inatumia cheni, hutakuwa na hadithi ya mkanda. Vitz nayo ni sawa. Passo inakula mafuta machache kuliko hizo, lakini kwa barabara ya Morogoro yenye malori usiku, mimi ningependa uwe ndani ya kitu kizito kidogo. Usiimalize akiba yote. Bakiza milioni moja ya matairi, shokapu, betri na oili ya gia, kwa sababu gari la mkononi hudai kitu mwezi wa kwanza hata kama lilikaguliwa na malaika.

Kama moyo umegoma kabisa kuachana na dizeli, ipo Probox ya dizeli, D-4D ya cc 1,400, na hiyo ndiyo dizeli ya mtu wa safari zako: ndogo, nyepesi, inakula kidogo kweli. Tatizo ni kuipata, na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu hata kidogo. Wale wanaoniuliza kila wiki kuhusu CX-5 ya dizeli nao wasubiri zamu yao, ile ina kichujio cha masizi ambacho foleni ya kila siku inakiziba, ni mada ya barua nyingine.

Kurudishiwa zile laki tano za kishika uchumba ndilo jambo litakalowasumbua zaidi, kwa sababu jirani mtakutana naye kesho na mwaka kesho. Usiende wewe. Aende shemeji, aliyezitoa, na asiende kulalamikia dumu wala moshi. Amwambie mke wangu ndiye mwenye fedha, amepima siti nane amekuta hatuzihitaji, tuwie radhi. Hakuna uongo hapo na hakuna anayeitwa tapeli. Akirudisha zote, mshukuruni. Akikata elfu hamsini ya usumbufu, muachieni, muagize na trei moja ya mayai mkiwa hapo hapo.